Konsuli aliyehesabu watu wa Mto Kongo

Mapema Juni 1903, Roger Casement, konsuli wa Uingereza katika Dola Huru ya Kongo, alianza safari ya kupanda mto. Meli za serikali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye dola hiyo, zilikuwapo, lakini yeye alikodi mashua ya mvuke ya wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani, iliyoitwa Henry Reed. Alijua kwamba mgeni anayetembezwa na mwenye nyumba huonyeshwa vyumba vilivyofagiwa tu.

Mto huo hakuwa mgeni nao. Alifika Kongo mara ya kwanza mwaka 1884, kijana wa miaka ishirini hivi, akafanya kazi katika chama cha Leopold huyo huyo. Mwaka 1887 alipita Lukolela, akakuta watu wapatao 5,000. Sasa, baada ya miaka 16, hawakufika 600. Malale yalikuwa yameua wengi, naye aliandika hivyo waziwazi. Lakini malale hayakati mikono ya watu.

Ulaya ilitaka mpira wa kutengenezea matairi ya baiskeli na magari. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha utomvu wa kugema msituni. Wakipungukiwa, wanaume walichapwa viboko na wake zao wakafungwa mpaka mzigo utimie. Askari aliyepewa risasi alitakiwa athibitishe kwamba hakuzipoteza kwa kuwinda nyama, na mkono wa mtu uliokatwa ndio uliokuwa stakabadhi yake.

Septemba, katika kijiji cha Bosunguma, Casement alionana na kijana Epondo, ambaye mkono wake ulikuwa umekatwa kwenye kifundo. Akamwita mlinzi wa kampuni ya mpira aliyetajwa, Kelengo, asimame mbele ya wanakijiji. Mmoja baada ya mwingine wakamnyooshea kidole, naye akakana. Konsuli aliandika maneno ya pande zote mbili, kisha akaipeleka kesi kwa wakuu wa dola.

Ripoti ilichapishwa Februari 1904, na hapo ndipo Casement alipowakasirikia wakubwa wake wa London. Walikuwa wamefuta majina ya watu na vijiji, wakaweka herufi. Nadhani hasira yake ilikuwa ya haki. Shahidi asiye na jina ni rahisi kumkanusha, na kweli watu wa Leopold walijibu kwamba mkono wa Epondo uliliwa na nguruwe pori. Casement akatoa pauni 100 za mfukoni mwake kumsaidia mwandishi wa habari E. D. Morel kuanzisha chama cha kudai mageuzi Kongo. Tume ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuiunda ilithibitisha mengi ya yale aliyoyaandika, na mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme wake koloni lile.

Mwaka 1910 alitumwa Putumayo, katika misitu ya Amazoni, akakuta wenyeji wa asili wenye makovu ya mijeledi mapajani na mgongoni. Safari hii kampuni ya mpira ilikuwa imesajiliwa London na kwenye bodi yake walikaa Waingereza. Serikali ilimtunuku cheo cha Sir mwaka 1911, lakini moyo wake ulikuwa umeshahama. Zamani alikuwa amemwandikia rafiki yake, mwanahistoria Alice Stopford Green, kwamba katika misitu ya Kongo alimkuta Leopold, na papo hapo akajikuta yeye mwenyewe ni Mwairishi. Alistaafu mwaka 1913. Katika makala zake za miaka hiyo alidai kwamba Ulaya haitapata amani maadamu Uingereza inatawala bahari, na kwamba ufunguo wa bahari hizo ni Ireland.

Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza alikwenda Ujerumani kuomba bunduki za kupigania uhuru wa Ireland. Hapo nashindwa kumwelewa. Mtu aliyehesabu vibanda vitupu vya Lukolela aliwezaje kuitumaini dola iliyokuwa imetoka tu kuzima Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula? Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa, na viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea mwaka 1906. Kongo aliiona kwa macho yake. Kusini mwa Tanganyika hakufika.

Nyambizi ya Kijerumani ilimshusha pwani ya Banna, Ireland, tarehe 21 Aprili 1916, akakamatwa siku hiyo hiyo. Alishtakiwa kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351. Wengi walipoomba asamehewe, maofisa walipitisha kwa siri kurasa za shajara zenye habari za mapenzi yake na wanaume, na waombezi wakapungua. Alinyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 3 Agosti, akazikwa ndani ya kuta zake.

Mabaki yake yalirudishwa Dublin mwaka 1965. Rais Éamon de Valera, mzee wa miaka 82 na mgonjwa, alihudhuria mazishi. Casement alikuwa ameomba alazwe Murlough Bay, Antrim, kwenye pwani aliyoipenda. Antrim ilikuwa imebaki chini ya Uingereza, kwa hiyo akazikwa makaburi ya Glasnevin.