Kuharakisha

Bibi alifariki alfajiri, nyumbani Ushetu, mwaka 2019. Kabla turubai halijafungwa uani, mama mdogo alinivuta nyuma ya bani la tumbaku akaniuliza: "Wewe unayesoma, niambie ukweli. Ni mimi?"

Usiku ule alikuwa amempa mofini kama daftari lilivyoelekeza, kila baada ya saa nne. Saa nane za usiku, Bibi akiwa anang'ata kanga ili watoto wasiamke, akampa tena kidogo, nje ya ratiba. Saa kumi na moja Bibi hakuwepo. Nilimjibu kwamba siyo yeye, harakaharaka, kama mtu anavyojibu msibani. Kisha nikarudi chuoni na swali lake. Nasoma historia, si sheria wala udaktari, lakini swali lile lina historia, na ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Inaanzia mbali. Mwaka 1920 Waingereza waliiletea Tanganyika Kanuni ya Adhabu ya India. Mwaka 1930 wakaiweka kando wakaleta nyingine, ambayo mizizi yake iko Queensland, Australia, kwenye kanuni aliyoiandika Samuel Griffith mwishoni mwa karne ya 19. Hiyo ya 1930 ndiyo tunayo hadi leo, Sura ya 16, ikiwa na viraka vingi. Kifungu cha 203 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anayeharakisha kifo cha mgonjwa, kwa kutenda au kwa kutotenda, anahesabika kuwa amesababisha kifo hicho, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua. Kwamba mgonjwa alikuwa anakufa tayari si utetezi. Kwingine sheria hiyohiyo inasema anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha, na aliyejaribu kujiua akashindwa naye ni mkosaji.

Kuharakisha. Nililiandika neno hilo pembeni ya daftari langu mara nyingi. Mama mdogo hakuwa amewahi kusikia habari za Griffith, lakini alikuwa ameuliza kwa neno lilelile.

Katiba ya 1977 ilizaliwa bila orodha ya haki za raia. Ziliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikasubirishwa hadi Machi 1988 ndipo zianze kuzisimamia. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, halafu inaongeza jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: haki ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Kesi kubwa iliyoipima ibara hiyo haikuhusu mgonjwa yeyote. Ni kesi ya Mbushuu, ya watu wawili waliohukumiwa kunyongwa. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaiacha ibaki, kwa hoja kwamba haki ya kuishi ina mipaka ya kisheria. Nilisoma hukumu hiyo nikicheka kidogo, kicheko kibaya. Serikali inaweza kuwa na kitanzi kwa mujibu wa sheria, na mama mdogo hana uhakika na kijiko.

Kwingineko mjadala wa kifo cha huruma umekwenda mbali. Uholanzi ilikuwa na sheria inayouruhusu kuanzia mwaka 2002. Mwaka huohuo Mwingereza Diane Pretty, aliyekuwa amepooza, alishindwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyosema haki ya kuishi haina ndani yake haki ya kufa. Afrika Kusini, mwaka 2015, mwanasheria Robin Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, alipewa ruhusa na mahakama ya Pretoria asaidiwe kufa, ila alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri kutoka. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ya huko ikaitengua.

Nikijaribu kuuleta mjadala huo Ushetu, unajikwaa mlangoni. Kwanza ni sababu ya hofu. Simeon Mesaki na watafiti wengine wameandika juu ya mauaji ya vikongwe kanda yetu. Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ni Usukumani. Macho mekundu ya moshi wa jikoni yalitosha kuwa ushahidi. Bibi macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka ya kuchochea moto wa bani, na hakupenda kwenda peke yake mahali penye watu wengi. Nilikuwa nadhani ni aibu. Mahali ambapo wazee wamewahi kuuawa na watu wa nyumbani mwao, sheria ya kuwaachia ndugu waamue nani amechoka kuishi inanitisha mimi kabla ya kumtisha askofu au shehe.

Sababu ya pili aliitoa mjomba. Bibi aliposema mara ya kwanza tumpe dawa ya kulala moja kwa moja, mjomba alikataa kwa kuitaja Nyangalata. Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa kwenye mgodi huo wa Kahama. Mmoja alifia chini. Watano walitolewa hai siku ya 41, baada ya kuishi kwa mende, vyura na maji ya kudondoka. "Nani alijua?" mjomba aliuliza. Hakuna aliyemjibu. Nadhani alikosea, maana saratani ya shingo ya kizazi iliyofika ilipofika si shimo la kufukua. Lakini katika ukanda wa dhahabu, mtu akisema "hakuna matumaini" lazima aulizwe amelipima kwa kipimo gani.

Na kipimo ndicho kilichokosekana. Kituo kimoja cha afya kilimtibu Bibi UTI kwa miezi saba. Ugonjwa ulipopata jina lake, waliomwona walitutajia Ocean Road, hospitali ya Wajerumani iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, karibu kilomita 1,000 kutoka kwetu. Alikwenda mara moja. Kifungu cha 203 kinasema kwa kutenda au kwa kutotenda. Najua wanasheria watanirekebisha: kutotenda ni kosa pale tu mtu anapokuwa na wajibu. Ndiyo maana nimerudi mara nyingi kwenye Ibara ya 14, nikitafuta jamii inayotajwa pale ni nani, na wajibu wake una anwani gani.

Mofini yenyewe si dawa ya matajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, uliofungia dawa za kulevya, unakiri hapohapo mwanzoni kwamba dawa hizo ni za lazima katika kutuliza maumivu. Nairobi ilipata hospisi mwaka 1990. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha ya Uganda, akitumia unga wa mofini uliochanganywa na maji, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Sisi chupa yetu ya kwanza ilifika Ushetu wiki tano kabla ya msiba.

Siku tatu baada ya chupa ile Bibi aliacha kuomba kufa. Alikula ugali na mlenda, akamgombeza mjomba kuhusu ng'ombe. Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hoja yangu ingekuwa safi: mpe mtu dawa ya maumivu, hataomba kifo. Ila wiki ya nne, asubuhi, akinywa uji, bila kuumwa popote, aliniambia, "Nimechoka, mjukuu wangu. Hili siyo la dawa." Sikuwa na jibu, nikamwongezea uji.

Nilirudi kwenye arobaini. Nilimweleza mama mdogo nilichoambiwa na muuguzi wa tiba shufaa: kwamba dozi ndogo ya ziada maumivu yanapochomoza ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba mgonjwa aliyezoea mofini kwa wiki tano hauawi na kijiko. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na sheria?"

Nikamwambia kuhusu sheria pia, na neno lile.

Akaingia ndani, akatoka na chupa. Ilikuwa bado na robo. Hakujua airudishe kwa nani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, alisema, kuna mzee anaumwa tumbo, na usiku anasikika hadi huku.