Sinzo Aanza

Sinzo Aanza (amezaliwa Goma, Kivu Kaskazini, 1990) ni mwandishi wa riwaya, mshairi, mtunzi wa tamthilia na msanii wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huandika kwa Kifaransa na huishi Kinshasa.

Riwaya

Alifahamika mwaka 2015 kwa *Généalogie d'une banalité*, iliyochapishwa Ufaransa na Vents d'ailleurs. Mwaka mmoja kabla, Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi alikuwa ametoa *Tram 83*, naye In Koli Jean Bofane *Congo Inc.*; kilikuwa kipindi cha neema kwa riwaya ya Kongo.

Hadithi ya Aanza iko Élisabethville, jina la kikoloni lililofutwa mwaka 1966 mji ulipoitwa Lubumbashi. Katika mtaa wa kimaskini uitwao Bronx, wakazi wanaamini kwamba wamelalia shaba, basi wanachimba viwanja vyao wenyewe. Jambo hilo halikutoka hewani. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, wenyeji walitoboa nyua na hata sakafu za vyumba vyao. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iko wazi: kilicho chini ya ardhi ni mali ya Serikali. Mwenye nyumba ana haki ya kulala juu ya utajiri, si kuugusa. Hapo ndipo penye uzito wa kitabu hiki, na ndipo kinapopita riwaya nyingi za rika lake.

Goma ilifurika wakimbizi mwaka 1994, na Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ikapita katikati ya mji. Mzaliwa wa huko angetarajiwa aandike vita na maafa. Aanza katika riwaya hii alichagua shimo la jirani, uamuzi wa kijasiri.

Tamthilia na sanaa

*Que ta volonté soit Kin*, tamthilia yake kuhusu Kinshasa, iliongozwa jukwaani na Aristide Tarnagda wa Burkina Faso. Kazi za sanaa za Aanza zimeonyeshwa Paris na jumba la sanaa la Imane Farès.

Katika Kivu Kaskazini

Kwa wasomaji wa Butembo na Beni, riwaya ya *Généalogie d'une banalité* haiko mbali na nyumbani: magharibi mwa Butembo, huko Manguredjipa, wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu.