Majambia ya Kipusa

Majambia ya kipusa ni silaha za kale za Oman, Yemen na pwani ya Afrika Mashariki ambazo mipini yake ilichongwa kwa pembe ya faru. Yalivaliwa kiunoni harusini na barazani, yakarithiwa baba kwa mwana. Sasa yanatishiwa na bei ya pembe hiyo hiyo. Kipusa huuzwa kwa uzito, na anayetafuta unga wa dawa hana haja na sonara aliyeuzungushia mpini nyuzi za fedha.

Biashara yenyewe ni kongwe. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unavitaja vipusa pamoja na pembe za ndovu kati ya bidhaa za Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo haipo tena. Karne ya 19 Unguja ilikuwa ghala kubwa la mali za bara, zikisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni.

Kipusa hakina mfupa ndani. Ni nyuzi za keratini, ile ile ya kucha na nywele, zilizoshikamana. Mpini mkuukuu ukiinuliwa juani, kingo zake hupitisha mwanga wa rangi ya asali na mistari ya nyuzi ikaonekana ikienda sambamba. Wayemeni huuita saifani, na kadiri ulivyoshikwa na mikono mingi ndivyo unavyong'aa na kupanda thamani. Mng'ao huo ni kazi ya vizazi. Fundi wa leo hawezi kuuiga.

Kati ya 1969 na 1977 Yemen Kaskazini iliingiza zaidi ya tani 22 za vipusa, kwa kuwa vijana waliokwenda kufanya kazi Saudia walirudi na fedha za kununua jambia la hadhi. Faru weusi wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 20,000 mnamo 1970, walibaki chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Nairobi na kuifuatilia biashara hii kwa miongo, aliuawa nyumbani kwake Februari 2018. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982.

Kisha soko likahama. Uvumi ulipoenea Vietnam kuwa kipusa kinatibu saratani, jambo lisilo na ushahidi wowote wa kitabibu, wezi waligeukia pembe za zamani. Mwaka 2011 Europol ilitoa tahadhari, na pembe ikaibwa katika makumbusho ya Ipswich, Uingereza. Aprili 2013 vichwa vinne vya faru viliibwa katika ghala la Makumbusho ya Taifa ya Ireland, ambako vilikuwa vimefichwa kwa usalama. Jambia ni dogo kuliko kichwa, hufichika mfukoni, na mpini ukishasagwa hakuna awezaye kujua ulikuwa wa nani.

Sheria nazo zinamweka mrithi njia panda. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vifaa vya utamaduni, wakati Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inamtia hatiani anayekutwa na nyara za serikali, kama kipusa, bila kibali. Mwenye jambia la babu yake ana sababu ya kulificha, au kung'oa mpini na kuweka wa pembe ya nyati-maji, kama wanavyofanya mafundi wa Uarabuni kwa majambia mapya. Jambia lililong'olewa mpini limepoteza ushahidi wa biashara iliyolizaa. Linalohitajika ni daftari lenye picha ya kila jambia, uzito wa mpini na jina la ukoo, na kibali kinachosafiri pamoja na silaha.