Ripita ya redio za ridhaa: Sheria inasemaje, na nani anabeba lawama?

Kimbunga Helene kilipopiga magharibi mwa North Carolina, Marekani, Septemba 27, 2024, umeme ulikatika, barabara zikasombwa na simu zikakosa mtandao maeneo mengi. Ripita iliyo juu ya Mount Mitchell, mlima wenye urefu wa mita 2,037, iliendelea kufanya kazi kwenye masafa ya 145.190 MHz. Watu wenye redio za upepo waliitumia kuomba msaada na kuulizia ndugu zao.

Mtambo huo si wa serikali wala wa kampuni ya simu. Ni wa redio ya ridhaa, yaani redio inayoendeshwa na raia wa kawaida wenye leseni, bila kulipwa. Shida ni kwamba ripita hurusha sauti ya yeyote anayeifikia. Je, mtu akisema jambo lililokatazwa, nani anajibu?

Marekani imeweka majibu kwenye Sehemu ya 97 ya kanuni za Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC. Haya ndiyo ya msingi.

Ripita ni nini kisheria?

Kifungu cha 97.3 kinaitaja kuwa ni kituo cha redio ya ridhaa kinachorusha upya, papo hapo, matangazo ya kituo kingine cha ridhaa kwenye chaneli tofauti.

Zingatia mambo mawili: "papo hapo" na "chaneli tofauti". Kifaa kinachorekodi kwanza, kisha kurudia maneno kwenye chaneli ileile, hakiingii kwenye tafsiri hii.

Chaneli zinatofautiana ili mtambo usijisikilize wenyewe. Kwenye bendi ya mita 2, tofauti kati ya chaneli ya kupokea na ya kurusha kwa kawaida ni kilohezi 600. Redio ndogo ya mkononi iliyo bondeni inasikika na ripita ya mlimani, halafu ripita inaipeleka sauti mbali zaidi.

Nani anaruhusiwa kuwa nayo?

Hakuna mtihani maalumu wa ripita. Kifungu cha 97.205 kinaruhusu kituo cha mwenye leseni ya kuanzia ngazi ya Technician kwenda juu. Mtihani wa ngazi hiyo una maswali 35, na ukipata 26 umefaulu.

Masafa ndiyo yenye masharti zaidi. Ripita haziruhusiwi, kwa mfano, kati ya 144.0 na 144.5 MHz, wala kati ya 435 na 438 MHz. Sehemu kama hizo zinaachiwa matumizi mengine, yakiwemo mawasiliano ya satelaiti na ya mawimbi dhaifu, ambayo ripita yenye nguvu ingeyafunika.

Ripita mbili zikigongana?

Zikiingiliana, wamiliki wote wawili wanawajibika sawasawa kumaliza tatizo. Isipokuwa moja iwe imependekezwa na mratibu wa masafa na nyingine haijapendekezwa. Hapo mzigo mkubwa unamwangukia yule asiye na mratibu.

Mratibu huyu si ofisa wa serikali. Anatambuliwa na waendeshaji wa redio za ridhaa wa eneo husika, na kazi yake ni kupendekeza chaneli. Halazimishi mtu. Ila ukipuuza ushauri wake, siku ya ugomvi sheria inaanza na wewe.

Lazima mtu akae pembeni ya mtambo?

Hapana. Ripita inaweza kujiendesha yenyewe saa 24. Lakini FCC ikimjulisha mhusika kwamba mtambo unarusha isivyotakiwa au unasumbua wengine, kujiendesha huko kunasitishwa, na hakurudi bila kibali.

Ripita pia inatakiwa kujitambulisha angalau kila dakika 10 wakati wa mawasiliano, na yanapoisha. Ikijitambulisha kwa sauti, iwe kwa Kiingereza. Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa kwa lugha yoyote, hata Kiswahili, ili mradi hayajafichwa kwa msimbo.

Mtu akivunja sheria kupitia ripita yako?

Tuseme mtu anapiga muziki au anatangaza biashara yake. Yote mawili yamekatazwa. Kifungu cha 97.205 kinasema msimamizi wa ripita iliyorusha mambo hayo bila kukusudia hawajibiki. Aliyeongea ndiye mwenye kosa.

Bila kinga hiyo, nani angethubutu kuacha mtambo wazi kwa jamii nzima? Kila mmiliki angeuzima usiku kwa kuogopa faini, na siku ya kimbunga pasingekuwa na kitu juu ya mlima.

Lakini kinga ina mpaka wake: ni kwa asiyekusudia. Anayejua na kuacha iendelee hawezi kujificha hapo. Ndiyo maana sheria inampa pia haki ya kuchagua vituo gani vitumie ripita yake na vipi visitumie.

Na wakati wa dharura?

Kifungu cha 97.403 kinasema kanuni hizi hazizuii kituo cha ridhaa kutumia njia yoyote ya redio kilichonayo pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini na mawasiliano ya kawaida hayapo. Hiyo si ruhusa ya kila siku. Mtandao wa simu ukirudi, masharti yanarudi pia.

Vipi huku kwetu?

Usichukue kanuni za Marekani ukazitumia Afrika Mashariki. Leseni hapa ni za TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Hata masafa yanatofautiana: kwenye mgawanyo wa kimataifa, bendi ya mita 2 ni 144 hadi 148 MHz kwa bara la Amerika, lakini Afrika na Ulaya inaishia 146.

Kwa hiyo redio iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa imepangwa kurusha kwenye 147 MHz, huku itakuwa nje ya bendi ya ridhaa. Kabla hujabonyeza kitufe, hakikisha leseni unayo na masafa uliyoweka yamo ndani yake.