Leontyne Price na Mlango Aliouchagua Mwenyewe

Nilimfikia Leontyne Price kwa njia ya Kiswahili, ingawa yeye hakuwa msemaji wa lugha hii. Muhula uliopita tulisoma darasani kwamba Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, alijiandikisha mwaka 1934 katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika mjini London, na moja ya lugha alizojifunza ni Kiswahili. Nilipoendelea kusoma habari zake nikakuta jambo jingine. Mwaka 1948, huko Ohio, Robeson aliimba katika tamasha la kumchangia fedha msichana mmoja aliyekuwa anataka kwenda New York kusomea uimbaji. Msichana huyo ndiye Leontyne Price.

Nyumbani kwetu opera haina mashabiki. Baba akiisikia redioni hubadilisha stesheni. Hata neno soprano nililijua kwa sababu ya mama tu, maana huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa. Kwa hiyo sikuandika makala hii kama mtaalamu wa muziki. Ninachotaka kueleza ni jinsi mwanamke huyu alivyojenga kazi yake kwa kujua wakati wa kukubali na wakati wa kukataa.

Price alizaliwa mwaka 1927 katika mji mdogo wa Laurel, jimbo la Mississippi, wakati ambapo sheria za ubaguzi wa rangi ziliwatenga weusi na weupe katika shule, mabasi na hata mabomba ya maji ya kunywa. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Mama yake alikuwa mkunga, na alikuwa na sauti nzuri kanisani. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mama yake alimpeleka Jackson kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji mweusi maarufu wakati huo. Hata hivyo, alipokwenda chuoni Ohio alijiandaa kuwa mwalimu. Walimu wake ndio waliomshawishi aifuate sauti yake, na kwa msaada wa Robeson na wengine akaingia shule ya muziki ya Juilliard.

Mwaka 1952 alipata nafasi ya kuimba kama Bess katika opera ya Gershwin, Porgy and Bess, akazunguka nayo Marekani na Ulaya. Hapo angeweza kukwama. Opera hiyo ilihusu watu weusi, na kwa waimbaji wengi weusi ilikuwa ndiyo mwanzo na mwisho wa safari. Januari 1955 yalitokea mambo mawili. Tarehe 7, Marian Anderson, akiwa na umri wa miaka 57, alikuwa mwimbaji mkuu wa kwanza mweusi katika jumba la Metropolitan Opera, New York. Wiki mbili baadaye Price akaimba Tosca katika televisheni ya NBC, nafasi isiyohusiana na rangi hata kidogo. Baadhi ya vituo vya Kusini vilikataa kuirusha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Price ilikuwa kinyume, alitunzwa kwanza ugenini. Mwaka 1958 kondakta Herbert von Karajan alimwalika Vienna aimbe Aida ya Verdi, na mwaka huo huo akaiimba London. Mwaka 1960 akaiimba Milan, katika jumba la La Scala, kwa Waitaliano wenyewe.

Aida ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kufanywa mtumwa Misri. Metropolitan nao walimwita mwaka 1958, wakimtaka aanze kwao na Aida. Hapa ndipo penye kiini cha makala hii: alikataa. Peter Herman Adler, aliyeongoza muziki katika ile Tosca ya NBC, alimshauri asiingie jumba lile kwa mara ya kwanza kama mtumwa, asubiri aje na nafasi nyingine. Nafasi ya kuimba Metropolitan haikuwa kitu cha kuchezea, na hakuna aliyemhakikishia kwamba wangemwita tena. Tena waimbaji wengine weusi walikuwa wanaingia: Mattiwilda Dobbs alikwisha kuimba huko mwaka 1956, na Gloria Davy akaimba Aida mwaka huo huo wa 1958. Kwa hiyo Price hakuwa wa kwanza, wala hakuidharau Aida. Alichokataa ni kuchaguliwa mlango.

Alisubiri karibu miaka mitatu. Tarehe 27 Januari 1961 aliingia Metropolitan akiwa Leonora katika Il trovatore, mwanamke wa ukoo bora wa Hispania. Inasimuliwa kwamba mwisho wa onyesho watu walishangilia kwa zaidi ya dakika 40.

Kukataa kulimsaidia pia kuitunza sauti. Mwishoni mwa mwaka huo alifungua msimu kwa La fanciulla del West ya Puccini, na katika onyesho la pili sauti ilimpotea. Alimaliza sehemu yake kwa kusema maneno badala ya kuyaimba, na mwimbaji mwingine akamalizia. Baada ya hapo alipumzika, akawa mwangalifu zaidi kuchagua kazi. Mwaka 1966 alilifungua jumba jipya la Metropolitan akiwa Kleopatra katika opera mpya ya Samuel Barber. Jukwaa lilijaa mitambo iliyokuwa ikiharibika, na katika mazoezi alikwama ndani ya piramidi. Wahakiki hawakuipenda opera ile, lakini sauti yake waliisifu. Miaka iliyofuata alipunguza opera, akapendelea kuimba na piano tu.

Tarehe 3 Januari 1985 aliaga jukwaa la opera, na onyesho likarushwa katika televisheni. Alichagua Aida. Nililitazama kwenye simu nikiwa na mama. Kuna mahali Aida anaikumbuka nchi yake ambayo hataiona tena. Price alipomaliza, alisimama kimya huku makofi yakiendelea dakika kadhaa. Mama, ambaye hajarudi Tanga kwa miaka kumi na mmoja, hakujua neno hata moja la Kiitaliano, lakini aliniomba nirudishe nyuma tuanze upya.

Baba alikuwa jikoni. Safari hii hakusema tubadilishe.