Nyumba Iliyouzwa kwa Sharti la Kukombolewa

Katika hati za zamani za Unguja limo neno "bei khiyari". Hapa bei si thamani ya kitu, kama tusemavyo sokoni, bali ni kule kuuza kwenyewe, kama ilivyo katika Kiarabu. Na khiyari ni haki aliyojiwekea muuzaji ya kurudisha fedha na kutwaa tena mali yake kabla ya siku iliyotajwa. Mwenye nyumba au shamba la mikarafuu, akihitaji fedha, aliuza kwa sharti hilo, na mara nyingi alibaki mumo humo akimlipa mnunuzi kodi. Riba imekatazwa na sheria ya Kiislamu. Kodi ilisimama mahali pake. Siku ikipita, khiyari ilikwisha.

Je, aliyechelewa aweza kumshurutisha mnunuzi amrudishie nyumba?

Torati yajibu kwa ukali. Katika Mambo ya Walawi 25, aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye boma alipewa mwaka mmoja mzima wa kuikomboa. Mwaka ukiisha, nyumba ilithibitika kuwa ya mnunuzi na kizazi chake, wala haikurudi hata katika yubile. Nyumba za vijijini zilihesabiwa pamoja na mashamba, nao Walawi waliweza kukomboa sikuzote. Twazipita aya hizi upesi mno darasani.

Maana watu hawakukawia kuona njia ya hila. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliotengenezwa yapata mwaka 200 B.K., yasimulia katika sehemu iitwayo Arakhin kwamba mnunuzi alikuwa akijificha siku ya mwisho ya ile miezi 12, ili nyumba iwe yake kabisa. Muuzaji alikuwa nazo fedha, lakini hakuwa na wa kumpa. Ndipo Hillel, mwalimu mkuu wa zamani za Herode, alipoagiza kwamba muuzaji aziweke fedha katika chumba cha Hekalu, avunje mlango, aingie. Mnunuzi naye aje kuzitwaa apendapo. Tazama, Hillel hakurefusha muda hata kwa siku moja. Alilokataa ni mtu kupata nyumba kwa kujificha kwake.

Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804 nayo ilikuwa kali: muda wa kukomboa usizidi miaka 5, wala hakimu asiuongeze. Waingereza huuliza kwanza mapatano yenyewe yalikuwa nini. Yakiwa mauzo ya kweli, siku ni siku. Lakini yakiwa mkopo uliovikwa jina la mauzo, mdeni aweza kukomboa ingawa siku imepita, mradi alipe deni na faida yake. Dalili huwa wazi: thamani iliyoandikwa ni ndogo mno, muuzaji hakuhama, na kodi yalingana na faida ya fedha.

Wakati wa himaya, iliyoanza mwaka 1890, majaji wa Kiingereza wa Unguja walikuja kuitazama bei khiyari kwa macho hayo, kama rehani. Kwa mdeni aliyechelewa ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mkopeshaji aliyeandikiwa hati ya kununua mbele ya mashahidi, akangoja siku ipite, alijikuta hana nyumba, ana deni tu la kudai.