Dagaa

Dagaa ni jina la samaki wadogo wanaoliwa wazima. Katika lugha ya mitaani ni mtu asiye na cheo wala fedha. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mara, kuanzia Musoma hadi Guta, Bunda, dagaa ni *Rastrineobola argentea*, anayevuliwa kwa taa usiku wa giza na kuanikwa juani. Wakenya humwita omena. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa spishi nyingine. Maana ya mitaani imetokana na udogo wake, na hutumika hasa sambamba na papa: kwenye mazungumzo ya rushwa, papa ni vigogo, dagaa ni karani anayekamatwa kwa hongo ndogo. Dharau hiyo haimstahili samaki mwenyewe, mwenye protini na kalisi nyingi.